Foleni ya Kuchuliwa

Timu yetu ya maveterani ina kanuni moja ya kupasha: anayewahi anazunguka uwanja, anayechelewa anaapa kwamba ameshazunguka. Tuliishi hivyo kwa amani hadi kipa wetu alipoletewa na shemeji yake kutoka Dubai mashine ya kuchua misuli, ile inayoshikwa kama bastola na kugonga nyama zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika.

Historia yake tunaijua, maana kipa huisimulia kila anapofungua begi. Mmarekani Jason Wersland alipata ajali ya pikipiki mwaka 2007, maumivu yakamkaba, akachukua mashine ya fundi na kuigeuza ya kujichulia. Hapo beki wetu, fundi seremala, huitazama kwa jicho la mwenye mali.

Jumamosi ile tulicheza na vijana wa mtaa wa pili. Wao walikimbia, wakaruka, wakajinyoosha. Sisi tulipanga foleni. Mwenyekiti akatangulia kwa heshima ya cheo, akaiegesha pajani na kuanza hotuba: "Nda-nda-ndugu za-za-zangu, le-leo..." Shati likatetemeka, kitambi kikaitikia. Winga alipopokezwa akaibandika kwenye ugoko, mfupa mtupu. Kwa yowe alilotoa, wapinzani walidhani mtu kachezewa rafu kabla ya filimbi. Ikafika zamu ya beki. Alipomaliza kigimbi cha kulia, chaji ikakata. Akaingia uwanjani na mguu mmoja uliohudumiwa na mwingine ule ule wa siku zote.

Tusiionee mashine. Dakika moja au mbili kwenye nyama hulegeza msuli, na kiungo hufunguka kidogo kwa muda mfupi. Ila mapigo ya moyo hayapandi, na jasho halitoki kwa mtu aliyeketi. FIFA wana utaratibu wao wa kupasha, 11+, wa tangu 2006: mazoezi 15, dakika kama 20, unaanza kwa kukimbia na kumaliza kwa kukimbia. Foleni haimo.

Mpira haujachangamka, tayari tuko nyuma mabao mawili, na straika wetu kalala pembeni, kashika paja, anaita: "Mashine! Leteni mashine!"

Jioni kamati iliketi kutafuta chanzo cha kipigo. Hoja zikapimwa, sauti zikapanda, kura zikapigwa. Imeamuliwa tuchange tununue mashine ya pili, ili foleni iende haraka.