Sindano Iliyogeuza Kibla

Alasiri ile, pale kwetu Nachingwea, nyumba iligawanyika: wapo walioiamini sindano, na wapo waliomwamini Bibi.

Mpwa wangu alikuwa amekuja likizo kutoka Ruangwa. Yeye na binti yangu wa darasa la tano walifungua redio mbovu, wakatoa sumaku ya spika, wakaisugulia sindano ya kushonea kwenda upande mmoja tu, bila kurudisha, kama nilivyowaelekeza. Wakaichomeka kwenye kipande cha kandambili na kukiweka kielee ndani ya beseni la plastiki. Sindano ikazunguka, ikatulia ikielekea banda la kuku.

Nilikuwa nimewaambia kwamba kutoka kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, maana sisi tuko karibu na longitudo ya 39, nayo karibu na ya 40. Basi mvulana akaenda moja kwa moja barazani.

"Bibi, msala wako umekaa vibaya. Kibla kiko kule kwenye kuku."

"Mume wangu," Bibi akamjibu, "nasali upande huu tangu mama yako hajazaliwa. Na msikiti mzima nao umepotea?"

Binti yangu akakishuku kipande cha kinywe ambacho binamu yake alikuja nacho, maana huko Ruangwa madini hayo yapo. Tukakisogeza karibu na maji. Sindano haikushtuka, kinywe hakivutwi na sumaku hivyo. Kilichobaki ni alama nyeusi za vidole kwenye kanga ya Bibi, na hiyo ikawa kesi nyingine.

Bibi akasogea, akatazama kimya, kisha akamwamuru mjukuu wake: "Hebu chuchumaa huku. Sasa hamia kule." Kila alikohamia, sindano ilimfuata.

"Mfukoni una nini?"

Sumaku ya spika ilikuwa ndani ya kaptula.

Ningependa kila mtoto aione dira ikipotoka namna hii kabla hajakariri kwamba huonyesha kaskazini. Sindano hujipanga kufuata nguvu ya sumaku iliyopo pale ilipo. Ile ya dunia hutokana na chuma kilichoyeyuka, kinachozunguka kuanzia kama kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, nayo ni dhaifu. Sumaku ya spika ikiwa umbali wa shibiri moja huishinda.

Sumaku ikapelekwa mbali, nyuma ya choo. Sindano ikageuka polepole, ikalala sambamba na msala. Lakini ncha ipi ndiyo ya kaskazini? Sindano hutoa mstari tu. Bibi akanyoosha mkono wa kushoto kwenye jua lililokuwa likishuka. Mbele yake ndiko kaskazini. Ncha hiyo tukaipaka rangi ya kucha.

Baadaye tukachukua sindano nyingine, tukaining'iniza kwa uzi katikati, ikalala sawa. Tulipoisugua na kuining'iniza tena, ncha ya kusini ikainama chini. Watoto wakauliza ni wapi isingeinama. Nikawaambia: waende kaskazini, wavuke ikweta, wafike Ethiopia.

Mpwa wangu alitaka kuijaribu dira yake njiani, ndani ya basi la kurudi Ruangwa. Nikamwambia basi lenyewe ni chuma, asubiri ateremke.