Pampu Iliyolala Majini

Bwawa la kuogelea la mama mkwe wangu, kule Mbezi Beach, lilichimbwa na marehemu baba mkwe kwa kiinua mgongo chake. Majirani walimshangaa: mtu anastaafu, badala ya kununua daladala anachimba shimo la maji. Lakini alipofariki, bwawa hilo ndilo lililobaki kumtunza mjane wake. Mwisho wa wiki ua hukodishwa kwa sherehe za kuzaliwa, za kipaimara na vikao vya kina mama, na pesa hiyo ndiyo inayonunua LUKU, inayomlipa mlinzi na kulipa ada ya mjukuu mmoja. Ndiyo maana masika ya 2024 yalipobomoa ukuta wa upande wa juu na kuingiza matope uani, hakuna aliyeuhangaikia ukuta. Watu wote walikimbilia pampu.

Pampu ilikuwa shimoni. Mjenzi hakutaka ionekane wala isikike wageni wakiwapo, akachimba shimo la kufika kifuani hatua chache kutoka bwawani, akalisakafia vizuri, akaweka humo pampu, chujio la mchanga na kisanduku cha swichi zake, akafunika kwa mfuniko wa bati. Njia ya kutolea maji hakuiweka. Usiku ule maji ya mvua yalilijaza shimo mpaka yakapita juu ya mfuniko, na ndoo ya klorini iliyokuwa ikihifadhiwa humo ikaibuka na kuelea.

Kulipokucha nyumba nzima haikuwa na umeme, na jirani anao. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikwenda kwenye ubao wa swichi barazani, akaipandisha swichi iliyokuwa imeanguka. Ikaanguka palepale. Akaipandisha tena, ikaanguka tena. Alianza kuilaumu kuwa mbovu. Kulikuwa na sherehe ya mtoto Jumamosi, mwenye shughuli ameshatoa kianzio, na maji ya bwawa yalikuwa ya rangi ya chai.

Swichi hiyo haikuwa mbovu hata kidogo. Baba mkwe alikuwa mtu wa kusoma maelekezo, na kwenye ubao ule alifungisha kile kifaa ambacho mafundi wetu hukiita RCD. Kazi yake ni moja: kulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana kwa miliampia 30, kifaa kinajua kuwa kuna umeme unaopita pasipo pake, penginepo kwenye mwili wa mtu, nacho hukata kabla hata hujapepesa macho. Miliampia 30 ni umeme mdogo sana. Lakini profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyewapima watu waliojitolea ili ajue ni kiasi gani kinachomfanya mtu ashindwe kuachia alichokishika, alikuta kwamba wanaume kwa wastani hushindwa kwenye miliampia 16 hivi, wanawake kwenye 10 na kidogo. Ni Dalziel huyohuyo aliyebuni, mwaka 1961, kifaa cha Wamarekani cha kazi hiyo, na miongoni mwa mahali pa kwanza sheria za umeme za kwao zilipokilazimisha ni kwenye taa za mabwawa ya kuogelea. Nyumba za Dar es Salaam zisizo nacho ni nyingi mno. Iliyonacho inapozimika baada ya mafuriko, wenye nyumba hukasirika.

Wiki zile redio ilisoma habari za mafuriko kila jioni. Mwishoni mwa Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kufariki nchini kutokana na mvua. Watu waliyaogopa maji yalipokuwa yanaingia majumbani. Yalipoanza kutoka, hofu nayo ikatoka, kila mtu akashika fagio na koleo. Kwetu shemeji alikodi pampu ya petroli, ikalinyonya shimo mpaka sakafu ikaonekana. Jua likatoka, kali, la Dar baada ya mvua. Kufika mchana ganda la mota lilikuwa kavu, la moto ukiligusa.

"Imekauka hii," alisema shemeji. "Leo inawaka."

Mama alikuwa amejitanda khanga tunakwenda msibani Tegeta. Yeye ni muuguzi mstaafu, si mtu wa maneno mengi. "Baba, niachie mpaka nirudi," alimwambia. Tukaondoka.

Tuliporudi, pampu ilikuwa inanguruma na maji yanazunguka. Shemeji alikuwa amemleta kijana mmoja wa jirani anayejua kuunga nyaya, naye kwa ile swichi "inayosumbua" alikuwa na dawa: aliiruka, akaunga dairekti. Redio inaimba, friji linafanya kazi, shemeji ana furaha ya mtu aliyeokoa nyumba. Namwelewa. Alikuwa anaihangaikia riziki ya mama yake. Lakini hapo nyumba ilikuwa imeondolewa kitu pekee kilichokuwa kinasema ukweli kuhusu ile pampu.

Kijana wa bustani alikuwa pekupeku kwenye ukingo ulioloa, ameshika wavu wa kuokotea majani wenye mpini mrefu wa alumini. Aliutumbukiza majini. Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu akipigwa shoti atapiga ukelele na kuruka. Huyu alikakamaa tu, shingo imevimba mishipa, mikono imeung'ang'ania mpini, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kukoroma. Shemeji alikuwa karibu yake, akajitupa kumshika.

"Usimguse!" Sijawahi kusikia sauti ile ya mama kabla ya siku hiyo wala baadaye. "Meni swichi! Kimbia, zima!"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na baraza. Nilizima, na nyuma yangu nikasikia kijana ameanguka chali. Mama alishafika. Aliweka sikio puani mwake, vidole shingoni, akamlaza ubavu. Alikuwa anapumua. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na alama nyeupe, ngumu, za ukubwa wa punje ya mahindi, pale mpini ulipogusa ngozi. Alitaka kuinuka na kusema hajambo; mama alikataa, akampeleka hospitali akapimwe moyo na aangaliwe usiku kucha, kwa sababu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hata mtu akiwa amesimama na anaongea. Tunamshukuru Mungu, alitoka mzima.

Hesabu yake ni nyepesi, nami nimeifanya mara nyingi. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi kikubwa, lakini mwili uliolowa, miguu iko kwenye sakafu yenye maji, huweza kubaki na ukinzani wa omu 1,000 tu au chini ya hapo. Gawanya: ni miliampia 230, mara nyingi zaidi ya zile za kumkakamaza mtu, na za kutosha kuufanya moyo utetemeke badala ya kusukuma damu. Kilichomwokoa pengine ni kwamba umeme ulipita safari ndefu ndani ya mabomba ya plastiki yaliyojaa maji kabla ya kumfikia, ukapungua njiani. Mtoto angekuwa ndani ya bwawa hata asingehitaji kufa kwa moyo. Kukakamaa kwa muda mfupi majini kunatosha kumzamisha.

Fundi aliyeitwa baada ya hapo alimwamkia mama shikamoo, akatoa leseni yake ya EWURA kabla hajaombwa, na kwa muda mrefu hakugusa kitu. Alizima meni swichi, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwake. Akapima testa yake kwenye waya unaotoka kwenye mita, anapojua pana umeme. Akapima nyaya za pampu. Akarudi kupima pale pa kwanza ahakikishe testa yenyewe haijafa. Ndipo akashuka shimoni.

Nilichuchumaa ukingoni nikimtazama. Ganda la mota lilikuwa kavu kama jua lilivyolikausha, na vumbi la tope juu yake limepasukapasuka. Akafungua skrubu nne za kifuniko cha nyaya. Yalitoka maji. Siku zote zile za jua, maji yalikuwa yamekaa humo ndani, ya kijivu, na nyuma yake uji wa tope laini uliofunika vichwa vya nyaya vyote kwa pamoja. Skrubu za shaba zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Grisi ya beringi ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa. Pembeni ya mota kulikuwa na kapasita. Aliiondoa chaji kwanza, akanieleza kuwa kitu hicho huweza kubaki na umeme hata swichi zote zikiwa chini. Kisha akaunga mega yake, inayosukuma volti 500 kati ya nyaya na ganda. Mota nzima hutakiwa kusoma angalau megaomu 1. Yetu haikusoma kitu. Waya wa moto na chuma vilikuwa kitu kimoja.

"Hii haikaushwi kwa jua, Mama," alisema. "Inafunguliwa, inaoshwa kwa maji safi, inakaushwa kwa joto taratibu, inapimwa. Ikigoma inasukwa upya, au mnanunua nyingine."

"Na swichi za kwenye kisanduku?"

"Hizo tupa."

Alikuwa sahihi. NEMA, umoja wa watengenezaji wa vifaa vya umeme wa Marekani, una mwongozo wa vifaa vilivyozama: mota huweza kurudishwa kazini na mtu mwenye ujuzi, lakini breka na vikata umeme vilivyolowa hubadilishwa. Tope likishaingia ndani ya breka, nje itaonekana nzima, na siku ya kuhitajika inaweza isikate.

Shemeji aliuliza swali lililokuwa kichwani mwangu pia. Kama mota ilikuwa inavuja kiasi hicho, mbona breka ya kawaida ya pampu haikuanguka? Fundi alitupeleka nyuma ya nyumba, ilipopigwa fimbo ya ethi. Kibano kilikuwa kimeliwa na chumvi ya pwani, waya umening'inia hewani, haujagusa fimbo. Ethi haikuwapo. Lakini akaongeza jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui: hata fimbo ingekuwa nzima, breka ile isingesaidia. Fimbo iliyopigwa kwenye mchanga huweza kuwa na ukinzani wa omu 50. Volti 230 gawanya kwa 50 ni ampia 4.6, na breka ya pampu ni ya ampia 20. Yenyewe ingeona mzigo wa kawaida tu. Kwenye nyumba inayotegemea fimbo ya uani, kinachotofautisha uvujaji na matumizi ni kile kifaa kidogo walichokiruka. Shemeji alikaa kwenye ngazi ya baraza, hakusema kitu mpaka jioni.

Klorini nayo niitaje, maana ingeweza kutuletea msiba mwingine. Ndoo ile ilikuwa na chembechembe za klorini ya kalsiamu, na mle shimoni kulikuwa na chupa ya asidi ya kurekebisha maji. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu, na shimo lenye mfuniko ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kuivuta. Klorini iliyoloa na kuchanganyika na uchafu huweza kuchemka yenyewe. Sasa vyote viwili vinakaa stoo, mbalimbali, juu ya rafu.

Mama hakuirudisha pampu shimoni. Sherehe ile ya Jumamosi aliivunja, akarudisha kianzio, na kwa wiki kadhaa bwawa lilibaki kijani huku akikusanya pesa. Binti yake aliyeko Muscat alichangia sehemu. Pampu mpya imekaa juu ya jukwaa la zege, juu ya alama ya matope iliyobaki ukutani, chini ya kibanda chenye matundu ya hewa. Inasikika, na wageni wamezoea. Shimo limefukiwa. Fimbo mbili mpya za ethi zimepigwa, na ngazi ya chuma ya bwawani, vyuma vya sakafu na ganda la pampu vimeungwa pamoja kwa waya mmoja mnene, ili mtu asiweze kushika vyuma viwili vyenye umeme tofauti. RCD mpya ina kitufe kilichoandikwa herufi T. Kila mwanzo wa mwezi shemeji hukibonyeza mwenyewe, taa zinazimika, anapandisha. Ile jazba ya zamani ya kupandisha swichi imemtoka kabisa; ikianguka, huchomoa vitu kimoja kimoja mpaka amjue mkosaji, au humpigia fundi.

Vita iliyobaki ni ya muziki. Madijei wanapenda kuweka spika ukingoni na kuvuta eksitensheni kwenye nyasi zilizoloa. Kanuni za kimataifa hazitaki soketi ndani ya mita 2 kutoka kwenye maji, na mama ameongeza za kwake: spika ni barazani, kwenye sakafu kavu, asiyetaka arudishiwe pesa. Amekwishapoteza wateja kwa hilo.

Halafu kuna taa. Fundi alipokuwa anamalizia aligundua kuwa taa iliyozikwa kwenye ukuta wa bwawa, inayoyafanya maji yang'ae usiku, imeungwa volti 230 moja kwa moja. Taa ya ndani ya maji hutakiwa kuwa ya volti 12, na transfoma yake ikae mbali. Amezikata nyaya zake, na mpaka transfoma inunuliwe hakuna kuogelea usiku. Juzi mtu alipiga simu akitaka ua kwa kitchen party ya Ijumaa, akaahidi kuongeza dau. Mama alimjibu kuwa karibu sana, muziki na chakula vitaendelea mpaka saa nne, ila ikifika saa kumi na mbili jioni hakuna mguu wa mtu ndani ya maji.