Mteja Msumbufu: Hatua Sita za Kushindwa kwa Heshima

Hongera, umefungua duka Kanazi, mkoani Kagera. Rafu zimejaa, mizani inang'aa, daftari jipya liko chini ya kaunta. Sasa jiandae kushindwa, maana wateja wako ni shemeji, jirani na mwalimu aliyekufundisha kusoma. Kuwafukuza huwezi, kuwashinda ndiyo kabisa. Fuata hatua hizi, tushindwe kistaarabu.

1. Lalamika wewe kwanza. Mwenye shida ya mkopo utamjua tu: anasifia rangi ya mlango, anauliza hali ya mama, halafu anashusha sauti. Muwahi kabla hajaishusha. Ada za watoto, mzigo umekwama Bukoba, mwenye duka la jumla anapiga simu tangu asubuhi. Ukilalamika vizuri ataondoka anakuonea huruma, na huenda akanunua kiberiti kwa pesa taslimu.

2. Mkopo usiukatae, uahirishe. Akisema atalipa kahawa ikivunwa, usimuulize ya msimu gani. Wala usimchokoze kwa butura, hata kwa utani. Kununua kahawa ya mtu ingali maua mtini kumepigwa marufuku, na wewe hutaki maelezo marefu kwa mtendaji wa kata. Sema tu, "Waitu, mwenye duka ametoka na ufunguo wa daftari." Kwamba mwenye duka ni wewe, na daftari halina ufunguo, nyote wawili mnajua. Hakuna atakayesema.

3. Nshomile, yaani msomi wetu wa kujisifu, muulize alisoma wapi. Amefuata kilo moja ya sukari, lakini anaanza na mhadhara: kiwanda cha Kagera Sugar kiko hapo Missenyi, iweje sukari ya Kanazi iwe ghali? Ukijibu umekwisha. Atakurudisha mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika na serikali ikatangaza bei elekezi, utadhani mvua za El Niño uliziagiza wewe. Mwache avute pumzi, kisha uliza, "Hivi mzee, ulisoma wapi?" Bei imeshasahaulika. Ataanzia shule ya Ihungo, apande hadi Chuo Kikuu cha Makerere, hata kama Makerere aliipita akiwa ndani ya basi. Wewe pima, funga, pokea pesa. Chenji ataisahau, mrudishie kwa sauti, waliopo wasikie. Uaminifu usio na mashahidi ni hasara.

4. Mwenye ukoo mpe kiti. Huyu babu yake alikula na mfalme, Omukama Kahigi, hapahapa Kanazi, enzi za Mjerumani. Usianze kupiga hesabu ya miaka. Futa kiti kwa kitambaa, hata kama hakina vumbi, mkaribishe akae mahali anapoonekana kutoka barabarani. Amekuja kuomba apunguziwe shilingi mia mbili kwenye mche wa sabuni. Lakini mtu aliyefutiwa kiti mbele ya watu ataombaje mia mbili?

5. Wa "Kemondo ni nafuu" mkubalie. Usibishe, usiape, usimwonyeshe risiti ya jumla. Tabasamu: "Ni kweli, Ta. Wasiochagua mali wanaifuata kulekule." Nauli ya bodaboda atajumlisha mwenyewe akiwa amenyamaza. Mpe nafasi ya kunyamaza. Pangapanga makopo.

6. Anayerudisha mali, mlipe kwa mbwembwe. Kibandiko cha "Mali ikishauzwa hairudishwi" kiache ukutani kiwe pambo, usikitegemee. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu. Kwa hiyo tochi isiyowaka ikirudi, pesa itatoka tu. Kazi yako ni kuitoa kama zawadi. Ipokee tochi kwa mikono miwili. Itikise. Badilisha betri, ijaribu gizani nyuma ya magunia, mwite jirani naye ajaribu. Guna. Kisha fungua droo taratibu, hesabu noti moja moja mkononi mwake na umwambie, "Kwa mwingine nisingefanya hivi." Ulitakiwa kufanya hivyo kwa kila mtu, lakini hilo halimhusu. Usiongeze neno. Kwa aibu tu, atakuomba tochi nyingine, na ataelekeza kidole kwenye ile ya bei kubwa.