Sifa za Mbwa Aitwaye Fitina

Wenye kalamu wamewasifu masultani, manahodha na mabibi wenye nyusi za upinde, wala sikumbuki hata mmoja aliyetia wino kwa ajili ya mbwa wa miezi tisa, mweupe, mwenye doa la kahawia jichoni, ambaye alfajiri ya leo, kabla jua halijachomoza juu ya mapaa ya mji wetu huu wa jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza, alikuwa amekwisha kulichana zulia, kuizika soksi yangu ya kuume na kumbwekea mtu wa posta ambaye, kwa saa ile, bila shaka alikuwa angali kitandani kwake. Deni hilo nimejitwika mimi, mtu wa Unguja, niliyelelewa katika nyumba ambayo chombo kilichorambwa na mbwa hukoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mjomba wangu, alipopata habari kwamba Fitina analala sebuleni, aliniandikia barua ya mstari mmoja: "Mwanangu, paka wamekwisha huko?"

Nilimjibu kwa nasaba. Fitina ni teria wa ukoo wa Jack Russell, na jina la teria asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwa kuwa wahenga wake waliingia mashimoni kumfurusha mbweha. Husimuliwa kwamba John Russell, aliyekuja kuwa kasisi wa Swimbridge, katika jimbo hili hili, alikuwa mwanafunzi Oxford mwaka 1819 alipomkuta muuza maziwa ana mbwa jike aitwaye Trump, akamnunua papo hapo. Na mbwa wa kuwinda, kama ajuavyo mjomba, ana ruhusa yake vitabuni. Tena nikamkumbusha kwamba zile santuri za Siti binti Saad, zilizotiwa sauti Bombay mwaka 1928, ambazo yeye huzifunika kwa kitambaa cha hariri, zilitoka kwa kampuni ambayo nembo yake ilikuwa mbwa mwenye damu ya teria, ametega sikio mbele ya tarumbeta la gramafoni. Mjomba hakushindwa. Alinitajia mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na mabwana zake wakakaa mle miaka 300 na 9 zaidi. Akauliza wangu hukaa muda gani. Nilitazama saa. Barua hiyo sijaijibu.

Lakini tuwe waadilifu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fitina alikuja na jembe lake vidoleni, akalianza kazi siku ya kwanza chini ya mawaridi. Nami, niliyekuwa mvivu mashuhuri, amenifanya hamali. Hapo mwanzo nilidhani dawa yake ni mbio, nikamkimbiza asubuhi na jioni katika mvua na baridi, na kadiri nilivyomzidishia masafa ndivyo alivyozidi kuwa na pumzi, hata ikadhihirika kwamba nimemlea mwanariadha, na aliyekonda ni mimi. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba pua huchosha kuliko miguu. Sasa chakula chake hakiingii sahanini: nakikunja ndani ya taulo kuukuu, nakisambaza katika makasha ya karatasi, nakifukia katika shimo la mchanga nililomchimbia ili mawaridi yapate amani, na matembezini namwacha auchunguze kila mlingoti kama mzee asomaye gazeti mpaka tanzia. Nimejua pia kwamba wazimu wake wa magharibi mara nyingi ni usingizi alioukataa, kama mtoto.

Mke wangu ametoa shauri kwamba tumletee mwenziwe, wachezeane, nasi tupumzike. Wafugaji husema angojewe wa kwanza apate akili, mathalani miaka miwili, kisha achaguliwe wa jinsia nyingine, mtulivu. Mke wangu ahesabu kwamba kazi itagawanyika kwa wawili. Mimi nahesabu kwamba kazi yote itabaki yangu, na mabwana ndio watakaokuwa wawili, wa pili akiwa amefundishwa na wa kwanza.

Hata hivyo Jumamosi tulikwenda kumtazama mbwa jike wa miaka sita, aliyekuwa akitafutiwa nyumba. Tulimkuta kalala kizingitini, miguu ya mbele kainyoosha, na moyo wangu ukaanza kutunga jawabu la mjomba. Fitina alimnusa, akambwekea, akamvuta sikio. Yule bibi hakufumbua jicho. Robo saa ilipopita aliinuka, akajinyoosha, akaenda taratibu kwenye tuta la maua la wenyewe, akaanza kuchimba kwa ufundi ambao sijapata kuuona. Fitina, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakaa kitako kwa adabu, akatazama.