Sifa za Kiti cha Ubavuni mwa Choo

Synesius wa Cyrene, mtu wa elimu aliyekuwa na upara, aliandika risala nzima ya kuusifu upara. Na al-Jahiz wa Basra aliwafungulia mabahili kurasa za kitabu chake wautetee ubahili wao kwa hoja ambazo msomaji akizisikiliza sana huchelea asije akazikubali. Kwa hiyo sidhani kama nitahesabiwa mkosefu wa adabu nikisimama leo kukisifu kiti cha mwisho cha basi la safari ndefu, kile kinachopakana na mlango wa choo, ambacho mimi na mke wangu tulikikalia mwezi wa Mei mwaka 2016, tulipofuatana na msafara wa mashabiki wa raga kutoka London kwenda Paris, tukapitia Brussels na Amsterdam, tukarudi London.

Kisa cha safari yenyewe ni kifupi. Tarehe 17 Aprili mwaka huo vijana wa Kenya waliwashinda Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, likawa taji lao la kwanza katika mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba. Na mimi, ambaye tangu ujana sikupata kufanya jambo kwa pupa isipokuwa kuoa, nikaitoa akiba ya kukarabati paa nikanunua nafasi mbili. Mke wangu aliuliza mchezo mmoja huchukua muda gani. Nilipomwambia ni dakika saba, mapumziko, kisha dakika saba tena, alinyamaza akilitazama lile paa, kisha akauliza kama huko kuna baridi. Na kwa kuwa tulihitaji viza mbili, moja ya Waingereza na nyingine ya ng'ambo ya mlango wao wa bahari, na hiyo ya pili ikakawia, majina yetu yalifika kwenye orodha wakati viti vyote vyenye heshima vimekwisha kugawiwa.

Kiti chenyewe, kwa wasiokijua, hakilali nyuma, kwani mgongoni pake pana ukuta. Chini yake inanguruma injini. Na ubavuni mwake, kwa umbali wa kiganja, yako maliwato. Wenzetu walipovilaza viti vyao wakasinzia vinywa wazi, sisi tuliketi wima kama maharusi wanaopigwa picha, na kwa sababu hiyo hatukuamka hata siku moja na shingo iliyokazana. Injini nayo iligeuka rehema tulipoingia kaskazini mwa Ufaransa, ambako mwezi wa Mei bado una ubaridi ambao sisi wa Mombasa tungeuita maradhi: waliokaa mbele, penye kioo kikubwa, walivuta makoti mpaka masikioni, ilhali mke wangu alivua soksi. Harufu sitaikana; asemaye kwamba choo cha basi kinanukia udi ni mwongo, na mwongo hafai kuwa msifu. Lakini harufu ina tabia ya kiungwana ya kumsamehe aliyekaa nayo na kumshambulia mgeni peke yake, hata baada ya saa mbili za kwanza hatukuijua tena ila kwa kuzitazama nyuso za waliokuja.

Na walikuja wote. Sheria ya Ulaya humkataza dereva wa basi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, nayo ni sheria njema yenye kulinda roho za watu, ila aliyeitunga hakuwafikiria watu arubaini waliofungua bia saa tatu ya asubuhi. Baina ya pumziko na pumziko hapakuwa na kimbilio jingine duniani isipokuwa mlango ule. Alikuja wakili ambaye hakuwa ametusalimu tangu uwanja wa ndege; alikuja mfanyabiashara mwenye saa ya dhahabu; alikuja kiongozi wa msafara mwenyewe, aliyetupangia pale, akatupita macho yake yakitazama dari. Kila mmoja hakuwa na budi kungoja, na angojaye katika basi linaloyumba lazima ashike kitu, na kitu kilichokuwa karibu ni kichwa cha kiti chetu. Mtu aliyekushikia kiti hawezi kukaa kimya. Hata kabla hatujafika Paris tulikuwa tumesimuliwa talaka moja, kesi mbili za mashamba, na habari za mtoto aliyekataa kusomea udaktari, ilhali wenye viti vya mbele walikuwa wameona malori na makonde ya maua ya manjano. Mke wangu, aliyechukua bati la kashata za nazi kwa hofu kwamba Ulaya hakuna chakula, alianza kumpa kila anayetoka kashata moja, baada ya kumtazama mikono kama ina maji.

Siku ya pili komeo likavunjika, na mlango, ambao ulifunguka kwa ndani, ukawa unamfichua aliyemo kila basi lilipopiga kona. Dereva akasema fundi yuko London. Mke wangu akatia mkono mkobani, akatoa leso, akafunga ncha moja kwenye kishikio cha mlango na ya pili akaniwekea mkononi: mtu akishaingia nivute, akigonga mara mbili niachie. Leso ile jina lake lilikuwa KILA MLANGO NA UFUNGUO WAKE, naye aliapa kwamba hakuichagua, ndiyo iliyokuwa juu. Nimewahi kuwa mweka hazina wa msikiti na katibu wa chama cha ushirika, wala sikupata kuaminiwa kama nilivyoaminiwa na watu wazima wale, walioingia mle ndani hali sitara yao imo katika kiganja changu. Yule wakili, alipotoka mara ya kwanza, aliniita mzee. Mara ya pili aliniita baba.

Ya Paris nitayapita haraka, kwani kila mtu ameyaona kwenye picha. Katika uwanja wa Jean-Bouin Samoa waliwashinda Fiji, sisi tukarudi mahali petu. Bali ya Twickenham siwezi kuyapita, ingawa naruka mbele, maana huko fadhila za choo zilinifuata hata nje ya basi. Uwanja ule hukusanya watu 82,000 juu ya ardhi ambayo, iliponunuliwa mwaka 1907, ilikuwa ikipandwa kabichi. Tarehe 21 Mei, Collins Injera aliipita pale rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina, trai 230, na mimi niliyeuza paa ili nimwone nilikuwa msalani, mtu wa tisa katika foleni. Tulisikia ngurumo tu. Nikalia kwa sauti kwamba ni kijana wetu, nikakumbatiwa na Mskoti mmoja mwenye sketi ya miraba, kisha na wote wanane walionitangulia, na kwa heshima ya Kenya wakaniachia zamu. Kesho yake Uskoti, ambako mchezo huu ulizaliwa mjini Melrose mwaka 1883 kwa fikira za mwuza nyama Ned Haig, iliwafunga Afrika Kusini 27 kwa 26, nikaifurahia kwa ajili ya mtu wangu wa foleni, ingawa uso wake sikuutazama vizuri.

Lakini nirudi nyuma, mahali pangu. Tulipoteremka melini Dover, tumetoka Calais, kiongozi wa msafara alitujia kwa taadhima akasema kwamba ni aibu watu wazima kama sisi kukaa pale, na kwamba viti viwili vya mbele kabisa vimeachwa kwa ajili yetu. Tukaenda. Kiti kililala nyuma kama kitanda; kioo kilikuwa kikubwa kama duka; vilima vya Kent vilikuja vikapita, kijani baada ya kijani, wala hapana aliyetushika bega. Baada ya nusu saa mke wangu akasema amesahau leso yake mlangoni, akainuka kuifuata. Nikangoja. Nikahesabu malori saba. Mwisho nikainuka nami, nikitembea kwa kushika viti vya watu mmoja baada ya mmoja, nikamkuta ameketi mahali pangu, ncha ya leso ameizungusha kiganjani, bati la kashata mapajani. Sikuwahi kufungua kinywa.

"Bwana, pisha njia," akasema. "Kuna mtu nyuma yako."

Nikageuka. Alikuwa kiongozi wa msafara, na mkono wake ulikuwa umekwisha kukishika kichwa cha kiti.