Si Sauti ya TX

Wazee wangu wa Ujiji wana msimamo: tangu mwimbaji TX Moshi William afariki mwaka 2006, bendi ya Msondo si Msondo. Kijana mwingine akishika maiki kuimba nyimbo zake, wananuna, huku miguu chini ya meza inacheza kwa siri. Bendi ilizaliwa 1964 ikiitwa NUTA, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hawakunung'unika. Meli ya Liemba nayo Wajerumani waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua na kuibatiza upya. Baadaye injini ya mvuke ikang'olewa, ikatiwa ya dizeli. Hiyo wanaapa ni meli ileile. Ila kijana wa watu, aliyekariri kila pumzi ya marehemu, anadaiwa hadi koo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeimba vizuri sana. Nani kakutuma?”