Sifa za Beseni la Kasuku

Miongoni mwa taasisi za hifadhi ya jamii ambazo wanazuoni wamezipita kimya, hakuna inayostahili sifa kuliko beseni la mchele au la sombe, yaani majani ya muhogo, analolibeba kichwani kwenda kuuza sokoni mke wa mtu asiye na kazi katika komini ya Kasuku, mjini Kindu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uingereza mnamo 1931 ilianza kutuma wakaguzi kwa wakosa kazi ambao bima yao ilikuwa imekwisha, wahesabu kipato cha kila aliyelala nyumbani humo. Na kipimo hicho cha uwezo, yaani kumsaidia yule tu ambaye kaya yake imethibitika kuwa fukara, bado kipo, kwani leo wanandoa huko huomba msaada pamoja na mshahara wa mmoja huupunguza msaada wa wote wawili. Beseni limeupita ugumu huo kwa mbali: kipato cha mke hakimwondolei mume msaada, kwa sababu ndicho msaada wenyewe.

Wala asiseme mtu kwamba serikali ya Kongo ililala. Tarehe 15 Julai 2016 zilitiwa saini sheria mbili: moja ilirekebisha Kanuni ya Familia ya 1987, iliyomtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi, nyingine, ya hifadhi ya jamii, ilipanga pensheni, madhara ya kazini na posho za familia, bila kuweka fungu lolote kwa wakosa kazi. Anayezisoma pamoja hawezi kutostaajabia mpango huu, ambamo mke alifunguliwa siku ileile alipokabidhiwa mzigo. Mume alibaki kichwa cha nyumba kisheria, jambo la busara, maana kila mfuko huhitaji mwenyekiti.

Beseni, tena, halina ubaguzi. Mfanyakazi wa shirika la reli la taifa, SNCC, ambaye mshahara wake huweza kuchelewa miezi mingi, huenda angekataliwa na mifuko ya wakosa kazi ya Ulaya kwa kuwa kazi anayo. Beseni humtambua jioni hiyohiyo, bila fomu, na rufaa yake, kama mboga ni chache, husikilizwa jikoni na hakimu aliyeipika. Hata dola huchangia kwa namna yake: mkaguzi pekee wa kipato cha mwenzi anayejulikana Kasuku ni mtoza ushuru wa soko, ambaye hulitazama beseni, hukata tiketi, na haulizi kamwe mume amekula nini.